Kununua vifaa vya kazini bila kumuumiza mtu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huletwa kwangu na watunza stoo, wahasibu wa shule, wasimamizi wa karakana na maofisa ununuzi wa taasisi ndogo zisizo na idara ya ugavi. Huko mtu mmoja ndiye anayetafuta bei, ndiye anayepokea mzigo, na ndiye anayeulizwa ukiharibika. Mifano mingi ni ya Tanzania kwa sababu ndiko ninakofanyia kazi. Msomaji wa Kenya au Uganda atakuta majina ya mamlaka yamebadilika, lakini dumu lisilo na lebo ni lile lile.

Ununuzi endelevu na salama maana yake nini kwa mtu wa kawaida wa stoo?

Maana yake ni kwamba kabla ya kusaini LPO (hati ya kuagiza bidhaa) umeshajua nani atakuwa wa mwisho kukigusa hicho unachonunua, na kitamfanya nini. Karatasi za zabuni zinamjua mnunuzi na muuzaji tu. Hazimjui dada wa usafi anayemimina dawa ya choo kwa mikono mitupu, wala fundi anayepanda ngazi kubadilisha taa, wala kijana anayepita na toroli akinunua betri mbovu ili akazipasue nyuma ya nyumba. Hao ndio wanaolipa ile sehemu ya bei ambayo haikuandikwa kwenye ankara.

Upo mwongozo wa kimataifa wa ununuzi endelevu, ISO 20400 wa mwaka 2017, na Lengo la 12 la Malengo ya Maendeleo Endelevu linataja ununuzi wa umma waziwazi. Visome ukipata nafasi. Ila kesho asubuhi ukiwa dukani, swali la mtu wa mwisho litakusaidia zaidi.

Bosi anataka kotesheni tatu kisha anachagua ya chini. Nitamshawishi vipi?

Usianze na habari za mazingira. Anza na hesabu.

Chukua ofisi yenye taa 60 za tyubu za zamani, zile za wati 36. Ukijumlisha na choki yake, kila taa inakula kama wati 45. Tyubu ya LED inayochukua nafasi yake inakula wati 18. Tofauti ni wati 27 kwa taa, yaani wati 1,620 kwa ofisi nzima. Taa zikiwaka saa 10 kwa siku, siku 264 kwa mwaka, umeokoa takriban uniti 4,276 za umeme. Zidisha na bei ya uniti mnayolipa ninyi, iandike namba hiyo kwa kalamu nene juu ya kotesheni, kisha mpelekee. Mimi mjadala umeniishia hapo mara nyingi kuliko nilivyotarajia.

Baada ya hesabu ndipo umweleze kuwa tyubu za zamani zina zebaki ndani, na kuwa nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa unaohusu zebaki, zilikubaliana Geneva mwaka 2023 kuachana na utengenezaji na biashara ya kimataifa ya tyubu hizo ifikapo 2027. Anayejaza stoo tyubu za aina hiyo leo ananunua kitu ambacho kesho hatakipata tena, na zikivunjika hana pa kuzipeleka.

Kwenye jedwali la kulinganisha bei mimi nimeongeza safu tatu: kitadumu muda gani, kitakula nini kikifanya kazi (umeme, wino, gesi, maji), na kikifa kitakwenda wapi. Bei ya chini ikishinda hata baada ya safu hizo, ichukue kwa moyo mweupe.

Tunanunua dawa za usafi kwenye madumu ya lita 20 yasiyo na lebo kwa sababu ni nafuu. Kuna ubaya?

Upo, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote ninayoyaeleza hapa.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua dawa hizo kwa bei nzuri sana. Dawa ya choo ilikuja kwenye dumu la njano lililowahi kubeba mafuta ya kula, na jiki ikaja kwenye dumu jingine kama hilo hilo. Asubuhi moja dada wa usafi alimimina yote mawili kwenye choo kimoja, kwa nia njema kabisa, ili king'ae haraka. Alitoka anakohoa, macho yanamwaga machozi, akakaa kwenye ngazi muda mrefu akitafuta pumzi. Alipona. Lakini saini kwenye ile LPO ilikuwa yangu, na hadi leo nikiona dumu la njano stooni nauliza ndani yake kuna nini.

Kilichotokea kinaelezeka kwa urahisi. Dawa nyingi za choo ni asidi. Jiki ni haipokloriti ya sodiamu. Zikikutana hutoa gesi ya klorini, ile iliyotumika kama silaha vitani Ulaya mwaka 1915. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutulia chini, pale pale alipoinama mtu anayesugua. Jiki ikikutana na amonia, iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kusafishia vioo, nayo hutoa gesi zinazounguza njia ya hewa.

Tangu siku ile sipokei dawa yoyote ya usafi isipokuwa chombo chenyewe kina lebo ya mtengenezaji, kimeandikwa nguvu ya dawa kwa asilimia, na kina tarehe. Asilimia si urembo. Jiki ya asilimia 5 ukitaka ifike asilimia 0.5, kiwango kinachotumika penye damu iliyomwagika, unachanganya sehemu 1 ya jiki na sehemu 9 za maji. Ya asilimia 3.5 inataka sehemu 1 kwa 6. Dumu lisiposema kitu, dada anakisia. Akipunguza, vijidudu vinabaki. Akizidisha, anaunguza mikono na kifua. Tena jiki hupungua nguvu kwa joto na mwanga. Ukinunua ya mwaka mzima ukaiweka kwenye stoo ya bati, kufikia mwisho wa mwaka unapaka maji yenye harufu.

Muuzaji aonyeshe kwamba amesajiliwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, GCLA, inayosimamia Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003. Na marufuku kuhamishia dawa kwenye chupa za maji au soda. Mtu mwenye kiu haulizi, mtoto ndiyo kabisa.

Kuna jambo lililosaidia kuliko mafunzo yote tuliyowapa wafanyakazi: tulipunguza aina za dawa. Asidi iliondoka stooni moja kwa moja. Tukabaki na sabuni ya maji kwa kazi za kila siku na jiki kwa vyoo na dharura. Huwezi kuchanganya kitu ambacho hakipo.

Wananiambia niombe MSDS. Nikiipata ninaisomaje, mimi si mkemia?

Ni karatasi ya taarifa za usalama za kemikali husika, na kwa mpangilio wa kimataifa ina sehemu 16. Wewe anza na tano. Sehemu ya 2 inasema hatari ni ipi. Ya 4 inasema huduma ya kwanza. Ya 7 inasema itunzwe vipi na isikae karibu na nini. Ya 8 inasema mtumiaji avae nini, na hapo ndipo utakapojua glavu za kununua. Ya 13 inasema itatupwaje.

Kwenye lebo angalia alama zenye umbo la almasi na mpaka mwekundu. Ziko tisa. Zinazoonekana sana kwetu ni moto, fuvu, mkono unaolika na tone, alama ya mshangao, na ile ya mtu mwenye nyota nyeupe kifuani, ambayo maana yake ni madhara ya muda mrefu kama saratani au kuharibika kwa mapafu. Hiyo ya mwisho watu huipita kwa sababu haitishi kama fuvu. Iogope.

Karatasi ikiwa ya Kiingereza, na anayetumia dawa hasomi Kiingereza, kazi haijaisha. Andika nusu ukurasa wa Kiswahili, ubandike mlangoni mwa stoo. Muuzaji asiyeweza kukupa karatasi hiyo hajui anachouza.

Vifaa kinga: nimenunua glavu na barakoa, wafanyakazi hawavai. Nifanyeje?

Kwanza hakikisha umenunua vinavyokinga. Nimeona mafundi wa kupaka rangi kwa pampu wakipewa barakoa za hospitali. Barakoa ile haizuii mvuke wa rangi hata kidogo, wala haishiki vumbi laini la saruji na mawe vizuri. Vumbi linataka N95 au FFP2, ambazo huchuja angalau asilimia 95 na 94 ya chembe kwa mfuatano huo. Mvuke unataka kinga yenye kichujio cha kaboni. Glavu vivyo hivyo: za kukinga mikato zimepimwa kwa kiwango cha EN 388, za kemikali kwa EN 374, na za plastiki nyepesi za kuuzia chipsi hazijapimwa kwa lolote kati ya hayo. Buti ya kweli ya usalama, yenye alama EN ISO 20345, ina kofia ya vidole inayohimili kishindo cha jouli 200. Helmeti ina tarehe ya kutengenezwa iliyochongwa kwa ndani, iangalie kabla ya kulipa, maana plastiki iliyoiva juani dirishani mwa duka haina kazi tena.

Pili, saizi. Wanawake wengi kazini wanapewa buti namba 43 na ovaroli la mwanaume, kisha wanaitwa wabishi. Kabla ya kuagiza, pita na karatasi uandike saizi ya kila mtu. Kazi ya nusu saa. Nunua jozi chache za majaribio kwanza, wape wavae wiki moja, wakwambie panapobana.

Tatu, usimkate mtu mshahara kwa ajili ya helmeti. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamwekea mwajiri wajibu wa kutoa vifaa kinga na kuvitunza.

Nitajuaje waya au ekstensheni ni feki?

Nembo ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ni mwanzo, si mwisho, kwa sababu hata nembo hughushiwa. Mimi hufanya haya.

Kwenye ekstensheni, soma waya wenyewe, si boksi. Plagi ya pini tatu tunayotumia ina fyuzi ya ampea 13, yaani karibu wati 3,000. Waya unaoweza kubeba mzigo huo una unene wa milimita mraba 1.25 au 1.5, na huandikwa ubavuni. Ukikuta 0.75, waya huo ni wa ampea 6. Chomeka birika la wati 2,000 na pasi kwa pamoja, waya utaungua kabla fyuzi haijashtuka. Ukikuta hakuna kilichoandikwa, rudisha.

Kwenye waya wa kujengea, kata kipande ukwangue kwa kisu. Shaba safi ni nyekundu hadi ndani. Ikitokea nyeupe chini ya ngozi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa, hupata joto zaidi na hulegea kwenye viungio. Sumaku haitakusaidia hapa, hainasi shaba wala alumini.

Na daima dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Bila risiti huna warranti, na ukigundua bidhaa ni bandia huna cha kuipelekea Tume ya Ushindani, FCC, wala TBS.

Tunataka kununua viyoyozi. Nizingatie nini zaidi ya BTU (kipimo cha nguvu ya kupooza)?

Gesi iliyomo ndani, aina ya kompresa, na fundi atakayefunga.

Gesi ya R-22 inaharibu tabaka la ozoni, na nchi zinazoendelea zinaiondoa sokoni kuelekea 2030. Kiyoyozi cha R-22 kilichotumika, hata ukipewa kwa bei ya kutupa, kitakufia siku gesi itakapoadimika. R-410A haigusi ozoni, lakini kilo moja ikivuja hewani hupasha dunia joto sawa na kilo 2,088 za kaboni dioksaidi. R-32 ni 675. Ndiyo sababu nchi zilikutana Kigali, Rwanda, Oktoba 2016, zikakubaliana kupunguza gesi za namna hiyo. Makubaliano hayo yanaitwa Marekebisho ya Kigali ya Itifaki ya Montreal. Nunua R-32 au zilizo bora zaidi, yenye inveta, yaani kompresa inayopunguza kasi badala ya kuzima na kuwaka.

Tahadhari moja: R-32 inaweza kushika moto kwa kiasi. Kwenye mkataba andika kwamba fundi awe amefundishwa kuishughulikia, na kwamba gesi ya zamani ikusanywe kwenye mtungi, isiachiwe hewani. Hilo la kuachia hewani linafanyika kila siku juu ya mapaa yetu, na mnunuzi ndiye mwenye uwezo wa kulizuia kwa mstari mmoja tu wa mkataba.

Halafu, kabla ya kununua, paka paa rangi nyeupe, weka mapazia, ziba nyufa za madirisha. Huenda ukahitaji mashine mbili badala ya tatu.

Kompyuta za mtumba ni ununuzi mbaya?

Hapana. Kompyuta ya kibiashara iliyotumika miaka mitatu, ikasafishwa na kupewa warranti ya maandishi ya miezi sita au zaidi, mara nyingi ni bora kuliko mpya ya bei ya chini iliyotengenezwa kwa plastiki nyepesi. Angalia betri, bawaba za skrini, na kama kumbukumbu yake inaweza kuongezwa. Uliza kama mfumo wake bado unapokea masasisho ya usalama.

Friji, viyoyozi na taa za mtumba ni habari nyingine. Hizo hula umeme wa kizazi kilichopita na hubeba gesi au zebaki ya kizazi kilichopita. Usinunue.

Betri za UPS na sola zikifa tunawauzia wa chuma chakavu. Kuna tatizo gani?

Nenda Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilifunguliwa pembeni ya nyumba za watu mwaka 2007, kikitoa madini ya risasi (lead) kutoka betri zilizochoka. Moshi na maji machafu yakawaingia watu. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa humo kwa kazi za ofisini, aligundua kwamba mtoto wake mchanga alikuwa na sumu ya risasi mwilini. Aliacha kazi, akawakusanya majirani, na mwaka 2014 kiwanda kikafungwa. Mwaka 2015 alipata Tuzo ya Mazingira ya Goldman, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kesi hiyo iliendelea kupanda ngazi za mahakama kwa miaka mingine baadaye.

Betri zilizoyeyushwa pale hazikuanzia pale. Zilitoka kwenye magari, minara ya simu na ofisi kama yangu na yako. Kila moja ilikuwa na mtu aliyesaini kuitoa stooni, akapokea hela kidogo, akafuta mstari kwenye leja. Risasi haina kiwango salama kwa ubongo wa mtoto. Ikishaingia, kinachopotea hakirudi.

Kwa hiyo betri nainunua pamoja na safari yake ya mwisho. Kwenye LPO naandika kwamba msambazaji atachukua betri ya zamani siku anayoleta mpya, na ataleta hati ya mahali ilipopelekwa. Wapo wanaokataa, wapo wanaokubali mara moja kwa sababu risasi ina thamani. Kwa upande wa Tanzania, anayekusanya taka hatarishi na za kielektroniki anatakiwa awe na kibali cha Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Omba nakala ya kibali, angalia tarehe yake. Betri zikisubiri kuchukuliwa zisimame wima, juu ya trei ya plastiki, mahali penye hewa, mbali na jiko na mbali na watoto. Asimwage mtu asidi yake chini ili kupunguza uzito. Nimeona ikifanyika, na bomba la maji lilikuwa hatua tatu tu kutoka hapo.

Simu, printa na kompyuta mbovu zifuate njia hiyo hiyo, baada ya kufuta taarifa zilizomo.

Samani za mbao: mninga ndio unaodumu, au sivyo?

Mninga unadumu, ila mti wake hukua polepole mno kwenye misitu ya asili, na meza ya mkutano haihitaji mti uliochukua miongo mingi kukomaa. Mbao za mashamba zipo: misindano ya Sao Hill kule Mufindi, mitiki ya Longuza na Mtibwa. Msindano uliokaushwa vizuri na kuunganishwa vizuri utakaa ofisini miaka mingi. Shida ya samani nyingi tunazozilaumu ni mbao mbichi na misumari mahali palipotakiwa kiungio.

Ukilazimika kununua mbao za asili, omba hati ya kusafirishia mazao ya misitu ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, na uangalie alama ya nyundo (muhuri unaogongwa) kwenye mbao. Fundi akinuna kwa swali hilo, tafuta mwingine.

Rangi na vanishi nazo ziulizwe risasi. Ukomo unaopendekezwa na Umoja wa Mataifa ni sehemu 90 katika milioni. Kama samani ni za chekechea, usikubali maneno matupu, taka karatasi ya maabara.

Maji ya mikutano: chupa ndogo au dumu la dispensa?

Dumu. Mkutano wa watu 25 kila wiki, chupa mbili za nusu lita kila mmoja, wiki 50, ni chupa 2,500 kwa mwaka. Maji hayo hayo yanaingia kwenye madumu 63 ya lita 20 yanayorudi kiwandani kujazwa tena. Nunua glasi, nunua birika, weka mtu wa kuziosha na umlipe kwa kazi hiyo.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu 1 Juni 2019 (Kenya tangu 28 Agosti 2017), hata hivyo bado inarudi ikiwa imevikwa jina la vifungashio. Mwambie msambazaji kwa maandishi alete mzigo kwenye makreti au maboksi, achukue makreti yake safari ijayo.

Jiko letu la wafanyakazi linatumia mkaa. Tukihamia gesi tununue vipi?

Serikali ya Tanzania imeshaagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe kwenye nishati safi ifikapo 2034. Kwa hiyo bora uhame ukiwa na muda wa kupanga. Muulize mama wa jikoni kwanza, yeye ndiye aliyevuta moshi huo miaka yote, na ndiye anayejua sufuria gani inaivisha maharage saa ngapi. Kwa maharage na makande, sufuria kubwa ya umeme ya kupikia kwa mvuke wa shinikizo huweza kuwa nafuu kuliko gesi. Pima kwenu.

Mtungi upimwe kwenye mizani siku ya kupokelewa. Uzito wa mtungi mtupu umechongwa juu yake. Ongeza kilo za gesi ulizolipia, 15 au 38, na jumla ndiyo isomeke. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa sakafuni. Mitungi ikae nje, kwenye kizimba chenye matundu chini, na mpira ubadilishwe kwa tarehe, usisubiri hadi upasuke.

Kizima moto cha jikoni kisiwe cha maji. Mafuta yanayowaka yakimwagiwa maji hulipuka usoni mwa mtu. Cha unga au povu kina mshale, uwe kwenye kijani. Cha kaboni dioksaidi hakina mshale, kinapimwa kwa uzito. Kwenye chumba cha kompyuta weka cha kaboni dioksaidi, unga utaua mashine zote ulizookoa kwenye moto.

Nikinunua kwa wafanyabiashara wadogo, ubora si utashuka?

Sheria ya ununuzi wa umma Tanzania inatenga asilimia 30 kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Kenya nayo ina asilimia 30 chini ya AGPO, mpango wake wa kuyapa makundi kama hayo zabuni za serikali. Nimenunua ovaroli kutoka kikundi cha kina mama washonaji zikadumu kuliko za kuagiza, kwa sababu walikuja kupima watu.

Kinachowaangusha wadogo si ubora, ni malipo. Kikundi kinakopa vitambaa, kinaleta kazi, kisha ankara inalala mezani miezi minne. Msimu unaofuata hawapo, na sisi tunasema wadogo hawaaminiki. Kama huna uwezo wa kulipa ndani ya siku 30, usiwape kazi kubwa. Wagawie kidogo kidogo, uwalipe kila awamu.

Nimeona "rafiki wa mazingira" kwenye lebo. Niamini?

Uliza: rafiki kwa lipi, na nani amepima? Karatasi yenye alama ya FSC, cheti cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vizuri, ina namba ya leseni unayoweza kuitafuta mtandaoni. "Inaoza" bila kusema inaozea wapi na kwa muda gani ni maneno tu. Jani la kijani lililochorwa kwenye boksi si cheti.

Na ukiwa kwenye karatasi, pima rimu. A4 ya gramu 80, shiti 500, ina uzito wa kilo 2.5 bila kuhesabu karatasi ya kufungia. Ikisoma 2.2, umeuziwa gramu 70 kwa bei ya 80, au shiti zimepungua.

Mzigo umefika na si ule tuliokubaliana. Dereva anasubiri saini. Nifanye nini?

Usisaini hati yote kwa sababu ya huruma ya foleni. Pokea kilicho sahihi, andika kwa mkono kwenye nakala zote mbili kilichokataliwa na sababu yake, mweleze dereva kwa heshima kwamba si kosa lake, mpe maji ya kunywa, piga picha lebo na namba ya toleo. Mpigie msambazaji hapo hapo mbele yake, kisha umwandikie.

Na siku ya kupokea, mwite yule atakayetumia. Mwite fundi aguse waya, mwite dada wa usafi asome lebo kwa sauti. Wakati mmoja dada yule yule wa kwenye ngazi ndiye aliyekataa dumu ambalo mimi nilikuwa nimeshaanza kulisainia. Lebo ilikuwepo, lakini kizibo kilikuwa kimefunguliwa kikafungwa tena. Lilirudi kwenye gari.